Picha ya Posa Niliyoikwangua

Kwako Zuhura, mdogo wangu wa tumbo moja,

Arobaini yako imepita na wageni wamerudi makwao. Mumeo Mbaruk amerudi Njoro jana kwa gari la mwanao. Kila aliyekuja alikusifu, nami nikawaitikia kwa adabu, kama inavyompasa dada mkubwa. Lakini nilifundisha Kiswahili miaka mingi, na sikumruhusu mwanafunzi yeyote kufunga barua kabla hajasema kilichomfanya aiandike. Kwa hiyo nitakisema. Nilikuonea wivu tangu ulipozaliwa, na mwaka ule wa posa nilikufanyia jambo ambalo umeingia nalo kaburini bila kulijua.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Bondeni, huku bara, na cherehani ya baba pale mbele, penye mlango wa barabarani. Baba alikuwa mweupe kwa asili ya wazee wake wa Hadhramaut. Mama alikuwa mweusi wa Mombasa, nami nikamfuata yeye. Wewe ulimfuata baba. Wateja waliokuja kupimwa kanzu walitutazama sote wawili, kisha wakamwuliza mama, "Huyu mdogo ni wenu. Na huyu mwingine mmemwajiri?" Mama alicheka. Mama, ambaye ngozi yake ndiyo yangu, alicheka! Maji ya bomba nilitumwa mimi saa sita za mchana. Wewe uliambiwa, "Kaa ndani, mwanangu, jua litakuharibu." Nilikuwa nikirudi na debe kichwani nakuta umekaa kwenye mkeka unasuka ukili, nawe unainuka kunitua. Nilikuwa nakusukuma kwa kiwiko.

Miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari, na askari walisimama kila njia ya mji wakidai karatasi za kibali. Siku moja tulikuwa tunatoka sokoni, sote tumevaa buibui zilizokatwa kwa nguo moja. Wewe ulipita. Mimi nilishikwa bega.

"Wewe mama, karatasi iko wapi?"

Ulirudi mbio. "Huyu ni dada yangu. Tumbo moja."

Askari akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Tumbo moja, lakini huyu alisahauliwa jikoni!"

Wakacheka mpaka wakaniachia. Njiani uliniuliza kama nimeumia, nami nikakaza mwendo. Ungeniacha pale ningekuchukia kidogo. Uliponiokoa nilikuchukia sana, kwa maana uso wako ulikuwa umenifanyia kazi ambayo uso wangu haukuweza kujifanyia.

Sasa nikukumbushe Bwana Jivan, yule mpiga picha wa Kihindi. Alihitaji mwanamke wa kutengeneza picha za wanawake, kwa kuwa waume wa mji hawakupenda sura za wake zao zikae mikononi mwa kijana wa kiume. Baba alimshonea nguo, basi akaniomba mimi. Nilikaa dirishani mwake miaka miwili nikiwa na penseli na wembe. Wewe uliona nikifanya kazi lakini sikukueleza vizuri. Filamu hugeuza mambo: kilicho cheupe huonekana cheusi. Ukipaka penseli juu ya uso kwenye filamu, uso huo hutoka mweupe katika karatasi. Ukikwangua kwa wembe, hutoka mweusi. Uliponiletea chakula, mtumishi alikuwekea kiti cha mbele, pamoja na wake wa Kihindi. Mimi, niliyekuwa mfanyakazi wa nyumba hiyo, niliingilia mlango wa nyuma.

Karibu wote walitaka penseli. Mabibi wa Bondeni waliitaka, wake wa wenye maduka waliitaka, na walimu wa misheni waliitaka kwa aibu, wakinong'ona. Lakini wako wawili walionishangaza. Mmoja alikuwa mke wa Mzungu mwenye shamba la ngano. Nilimpaka penseli kwa mazoea tu. Akarudi amefura.

"Nani amefuta rangi yangu? Nimelala kwa jua Malindi wiki mbili! Wiki mbili!"

"Pole, memsahib," Bwana Jivan akamwambia. "Huyu binti nafikiri wewe nataka kuwa mweupe."

"Mimi ni mweupe!" akajibu yule mama. Nilijificha nyuma ya pazia, na kicheko kikanikaba. Jua lililoniharibu mimi, yeye alipanda gari la moshi kulifuata.

Wa pili alikuwa mzee mmoja wa upande wa Rongai, aliyemleta bintiye apigwe picha kabla hajaolewa. Alipoonyeshwa kazi yangu akaishika mbali na macho.

"Huyu mgonjwa ni nani?"

"Ni binti yako, mzee."

"Binti yangu anang'aa kama mbegu ya mnyonyo. Huyu mmemwaga unga juu yake. Rudisha yeye."

Nikaosha penseli, nikatumia wembe, nikamrudishia. Hata yule binti nilimwonea wivu, Zuhura. Baba yake alikuja mjini kwa miguu kudai weusi wa mwanawe.

Ndipo akaja Mbaruk. Alikuwa karani wa kinu cha unga huko Njoro, na kila Ijumaa baada ya sala alikuja kukaa na baba dukani. Macho ya baba yalikuwa yamepungua, kwa hiyo nilimsomea gazeti nikiwa nyuma ya pazia. Mbaruk alisikiliza. Siku moja akasema, "Mzee, anayesoma huko nyuma anasoma vizuri kuliko karani mkuu wetu." Siku nyingine alileta barua yake ya kazi nimsahihishie. Nilimsahihishia makosa saba, naye akaniambia, kupitia baba, "Mwambie ahsante, ingawa ameniumiza." Nililihifadhi neno hilo kama mtu anavyohifadhi dhahabu. Wewe ulipitisha sinia ya kahawa chini ya pazia na kurudi. Hukusema nao lolote. Nilijua, au nilidhani najua, ni nani aliyekuwa akifuatwa pale dukani.

Posa ilipokuja, mama yake Mbaruk aliandika kutoka Mombasa kwamba mabinti ni wawili na kijana hajaona sura ya hata mmoja. Ipelekwe picha ya wote, achague. Baba hakupenda. Alikubali kwa sharti moja: picha isipite mikononi mwa watu. Nikimaliza kuitengeneza, niitie mwenyewe katika bahasha, niifunge na kuipeleka posta.

Tulikaa mbele ya kamera, wewe kushoto, mimi kulia. Bwana Jivan alitazama, akatoka chini ya kitambaa chake, akamwambia mama, "Hapa iko taabu. Nikipima mwanga ya huyu mkubwa, mdogo naungua. Nikipima ya mdogo, mkubwa napotea. Nataka nani?"

Mama hakufikiri hata kidogo. "Pima ya Zuhura."

Wewe ulisema, "Mama, mpimie dada, yeye ndiye mkubwa." Mama akakuambia unyamaze, utakunja uso.

Filamu ilipotoka, wewe ulikuwa umekamilika mpaka kope. Mimi nilikuwa kivuli chenye macho. Niliitazama pale dirishani asubuhi nzima. Kisha nikachukua penseli nikajipaka, polepole, paji, mashavu, kidevu, mpaka nikatokeza. Nilipomaliza nikachukua wembe nikaanza uso wako. Sikukukata pua wala jicho. Kazi yangu ilikuwa safi. Nilikwangua weupe wako wote, tabaka kwa tabaka, nikakufanya mweusi kuliko mimi.

Bwana Jivan aliishika ile filamu mbele ya taa. Yeye alijua kila kitu mara moja.

"Mimi zamani nafanya hii kwa binti yangu," alisema. "Yeye mweusi sana. Picha nakwenda Bara Hindi, bwana harusi nafurahi. Binti nafika, mama mkwe natazama picha, natazama uso."

"Kisha?"

"Sasa yeye nakaa jikoni tu. Wageni nakuja, yeye hapana toka." Akaniangalia. "Wewe nataka mimi piga chapa?"

Nikasema ndiyo. Akapiga chapa. Niliifunga bahasha, nikaipeleka posta. Mama alipotaka nakala nilimwambia filamu imeingia maji.

Jibu lilikuja, Mbaruk mwenyewe ameliandika. Na nani angemsomea baba, isipokuwa mimi? Mlikusanyika wote. Nikasoma salamu, nikafika mahali pale: "Mzee wangu, nimemchagua yule mweusi." Nikaishia hapo. Macho yangu yalikuwa yameona mstari uliofuata.

Mama akapiga kelele, "Mweusi? Basi ni Rukia!" Baba akasema Alhamdulillahi. Nawe ukanirukia shingoni ukilia kwa furaha, "Dada! Dada! Nilijua!" Nikaikunja barua, nikaitia kifuani.

Siku tatu nilikuwa mchumba. Mama alinisagia liwa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia, akanisugua mgongo akisema, "Tutakutia weupe kidogo, mwanangu, kijana asijute." Aliniita mwanangu. Maji ulikwenda kuchota wewe, ukawa unaimba. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa hajawaona, na picha ya uongo ingenisaidia: alitaka mweusi, naye angemkuta mweusi. Nani angekuja kupima pua?

Siku ya nne nilikuita chumbani nikakusomea mstari ule niliouficha: "Nimemchagua yule mweusi, aliyekaa kushoto, kwa sababu ameushika mkono wa ndugu yake, na ndugu yake amekunja ngumi."

Nilikuwa nimetengeneza nyuso mbili kwa siku nzima, wala sikuitazama mikono.

Uliutazama mkono wako kama kitu cha mtu mwingine. "Nilikushika?" ukaniuliza. "Mimi sikumbuki." Kisha ukauliza, "Lakini kwa nini aniite mweusi?" Nikakuambia filamu hugeuza rangi, mara nyingine hata karatasi hukosea. Ukaniamini. Hukuwa mtu wa kushuku.

Halafu ukasema kwa sauti ndogo, "Dada, wao wameshaamini ni wewe. Nenda wewe. Mimi sitasema."

Nilijua hutanii. Uso wako haukubadilika. Ulikuwa tayari kunipa mume kama ulivyokuwa tayari kunitua debe, nami nikakujibu, "Sitaki cha kupewa." Nikatoka nikamwambia baba kwamba wa kushoto ni Zuhura, na kwamba picha imegeuza rangi. Mama alinitazama mara moja tu. Liwa iliyobaki aliihamishia kwako siku hiyohiyo.

Usiku wa harusi hatukuwa pamoja, lakini uliniambia mwenyewe ukicheka jinsi Mbaruk alivyoinua mtandio, akashtuka, akasema, "Kumbe mweupe! Basi, usijali, nitazoea." Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi nilikwenda uani nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Baadaye niliolewa, nikaachika, nikaingia chuo cha ualimu. Na kwa miaka yote hiyo, Zuhura, kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba weupe wako ulinichukulia Mbaruk. Watu walinihurumia bila kuuliza zaidi. Walikuwa wameyaona mambo hayo kwa macho yao: nani aliwekewa kiti katika mji ule na nani alisimama, nani alipita kwa askari na nani alishikwa bega. Nilifuga uongo mmoja katikati ya kweli nyingi, nao ukanenepa. Wewe ulisikia nikiusema, hata mbele ya wanao, nawe ukainamisha kichwa kana kwamba kweli umeniibia.

Hukuniibia. Nilikuvua ile ngozi kwa wembe, nikaivaa mimi, na bado alikuchagua wewe. Hilo ndilo nililoshindwa kulisema ukiwa hai, na ndilo lililonifanya nikae mbali na nyumba yako sikukuu nyingi, nikisingizia miguu.

Weupe ulipewa tu, kama nilivyopewa mimi weusi, na huo nimekusamehe zamani. Lakini mkono ule uliunyoosha mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, ukamshika aliyekunja ngumi. Siku arobaini nimekaa nikijaribu kuusamehe. Bado sijaweza.

Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Dada yako,
Rukia