Kopo la Taa Zilizokufa

Wafula mjukuu wangu,

Sisi huku Kitale tu wazima, na mahindi ya mama yako yamebeba vizuri. Umeniuliza marehemu babu yako, fundi wa redio, alipata wapi vipuri visivyotengenezwa tena.

Wazungu wakiwa bado huku, nilikuwa bibi arusi wa wiki mbili. Nikasafisha meza yake ya kazi, nikatupa chooni taa zote za redio zilizoungua, vile vichupa vya kioo. Kesho yake akajaribu kuweka taa mpya kwenye redio kuukuu ya mwalimu mmoja. Miguu ya taa ile haikuingia kwenye matundu ya redio.

"Zile zilizokufa ziko wapi? Nataka kitako cha moja, chenye miguu ya zamani, nikifunge chini ya hii."

Nikamwambia. Akapanda baiskeli kwenda Bungoma kwa fundi mwenzake. Mimi, nikidhani hanitaki tena, nikafunga nguo zangu nirudi kwetu.

Alirudi siku ya pili, kabla sijaondoka, na taa mbili zilizoungua. Moja akaivunja, akatumia kitako chake, redio ikaongea. Ya pili aliniwekea mkononi, pamoja na kopo tupu la majani chai.

"Utanitunzia wewe."

Humo ndimo alimotoa vipuri vyake miaka yote, na bado kopo limejaa. Ukija Krismasi, nitakuwekea mkononi.

Nyanya yako,
Nasimiyu