Mwaka Wenye Mwezi wa Nane Mara Mbili

Ban Non Takhian, Ubon
20 Machi 2539, kwa miaka ya Buddha

Mwanangu Phikun,

Pokea salamu za mama yako, za nyati wetu, na za majirani wote, hata wale wasiokupenda. Sisi wazima. Goti langu linauma likitaka, likichoka linaacha. Wewe je, huko Taipei unakula? Usiniambie unakula, niambie unakula nini.

Barua yako niliisoma mwenyewe, nikamsomea mke wa mkuu wa kijiji, halafu nikaisoma tena sokoni kwa sauti kubwa, kwa sababu muuza papai alidai hasikii vizuri. Kwa hiyo Bwana Hsu, tajiri yako, anatafuta mahali papya pa kuleta watalii, na akiridhika na huku kwetu atafungua ofisi na wewe ndiwe utakayeishika. Miaka yote hiyo ya kuogesha wazee wa watu, sasa ofisi! Nilijua. Nilisema siku uliyozaliwa, mkunga ni shahidi.

Anauliza huku kuna nini cha kuona? Mwulize yeye kwao kuna nini. Mwambie jua linatufikia sisi kabla halijafika Bangkok. Mwambie tuna maporomoko yanayopita kwenye tundu la mwamba, unasimama ndani ya pango na maji yanakushukia kutoka darini. Tuna genge lenye samaki na viganja vilivyochorwa na watu ambao hata mtawa mkuu hajui walikuwa kina nani. Tuna hekalu letu la pangoni, Buddha amelala ubavu, nyuki wamejenga juu ya sikio lake na hawajamuuma mtu mwenye adabu hata siku moja. Yale mawe yenye mashimo katika mto Mekong usiyataje. Wakija wakati wa mvua yatakuwa chini ya maji, watasema tumewadanganya.

Lakini walete kwa maandamano ya mishumaa, mwezi mpevu wa mwezi wa nane, kwa hesabu yetu ya mwandamo, si ya ofisi. Wakiuona mshumaa wa kijiji chetu, mnene kama nguzo ya hekalu, unapita mjini juu ya gari na mimi mbele nacheza, Bwana Hsu atafungua ofisi mbili.

Mama yako


Taipei
16 Aprili 2539

Mama mpenzi,

Shikamoo. Viganja nimevikutanisha, ingawa huvioni. Goti nalo nalisalimu. Mimi mzima, nakula tambi, mayai, na kila Jumapili wali wa kunata kwa dada mmoja wa huko kwetu, wa Yasothon.

Bwana Hsu amekubali! Sikukuu mwaka jana ilikuwa karibu tarehe kumi Julai, na kila mwaka hurudi nyuma kama siku kumi, basi nikatazama kalenda ya ofisini: mwezi mpevu ni tarehe mosi Julai. Tiketi zimekatwa. Anakuja mwenyewe na wageni wake wakubwa.

Ila mama, ni mtu mgumu. Aliniambia, "Phikun, mahekalu nimeona mpaka nimeshiba. Maporomoko hata kwetu yapo. Nionyeshe kitu ambacho sijawahi kukiona." Akikiona, narudi nyumbani kuishi. Asipokiona, mkataba wangu unaisha Septemba na nitaanza tena kwa wazee.

Mwanao Phikun


Ban Non Takhian
8 Mei 2539

Mwanangu,

Sisi wazima. Wewe keti kwanza. Umeketi?

Mwaka huu mwezi wa nane unakuja mara mbili. Ndiyo, ni ule mwaka wa kuongezwa mwezi ili mvua na sikukuu zisipishane. Wewe umehesabu mwezi wa nane wa kwanza. Maandamano ni mwezi wa nane wa pili, mwishoni mwa Julai kwa hesabu ya ofisi. Mtoto wa Non Takhian anatafuta sikukuu zetu kwenye kalenda ya Taipei! Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Badilisha tarehe. Mwambie Bwana Hsu mama yako amesema.

Mama yako


Taipei
24 Mei 2539

Mama,

Shikamoo. Usiulize ninakula nini.

Tarehe haibadiliki. Tiketi ni za kikundi, wageni wameshaomba likizo. Hakuna maandamano, mama, na mimi ndiye niliyeahidi. Nimemkwepa Bwana Hsu wiki nzima, akiingia mimi natoka. Nafikiria nimwambie kwamba mvua imeharibu barabara na sikukuu imefutwa. Au niache kazi kabla hajaniachisha. Nishauri upesi.

Phikun


Ban Non Takhian
7 Juni 2539

Mwanangu wa pekee,

Salamu nyingi. Hapa wote wazima, na mimi ni mzima kupita wote, kwa sababu nimelimaliza jambo lako.

Unakumbuka mwezi mmoja kabla ya maandamano kunakuwa na nini? Ndiyo. Uzio wa majani ya mnazi nyuma ya hekalu, na baba yako mdogo Khamdi ndani yake, anachonga joka kwenye mshumaa wetu. Hicho hakuna mtalii aliyewahi kukiona. Hata watu wa Ban Kho, washindani wetu hapo tu ng'ambo ya kijito, hawajakiona, ingawa kila mwaka wanamtuma mtu aje "kutafuta kuku aliyepotea".

Nikamwendea Khamdi. Unamjua alivyo.

"Shemeji," akasema, hata kichwa hakuinua, "wageni wenye kamera? Joka letu litafika Ban Kho kabla nta haijapoa!"

"Wanatoka Taipei, si Ban Kho."

"Picha haina kwao."

"Basi kamera zitabaki kwenye kikapu cha wali, nitakikalia mimi."

"Na wataniangalia tu nikitoka jasho, kama nyani wa kufugwa?"

"Watafanya kazi. Watabonyeza maua ya nta na kuyabandika."

Hapo akainua kichwa. "Kwenye mshumaa wangu? Mikono ya wauza duka?"

"Mwaka jana joka lako lilikuwa na kengeza," nikamwambia, "na nani alinyamaza? Mimi."

Akakubali. Upande wa nyuma tu, chini, karibu na mkia. Mtawa mkuu naye amekubali, amesema nta haichagui mkono.

Sasa sikiliza. Hiyo ya barabara kuharibika usithubutu. Mwambie Bwana Hsu ukweli kabla hajapanda ndege: umekosea mwezi, maandamano hakuna, ila mama yako ana kitu. Akikasirika, akasirike angani, akitua awe amepoa. Na wanawake wa kikundi wajue kwamba mtawa hapokei kitu mkononi mwao, wakiweke juu ya kitambaa. Sitaki aibu.

Kula.

Mama yako


Taipei
13 Julai 2539

Mama mpenzi,

Shikamoo. Tulifika salama. Naomba radhi kwamba kwenye uwanja wa ndege tuliagana kwa haraka. Nilikuwa naogopa kukuangalia, ningelia.

Nikueleze usiyoyajua. Nilimwambia ukweli kama ulivyoniagiza. Hakukasirika angani na kupoa chini. Alisoma gazeti angani na chini. Kwenye genge la viganja alitazama saa. Pale maporomokoni aliuliza choo kiko wapi. Alipokataa kuiacha kamera mlangoni pa uzio, na baba mdogo akasema, "Basi abaki nje na mbwa," nilijua nimekwisha. Nikaingia ndani na wageni wengine, kwa kuwa kazi ni kazi, nikawa nakoroga nta na machozi yananitoka. Walidhani ni moshi.

Halafu nikawaona mnaingia, wewe mbele na kamera yake shingoni mwako kama mwandishi wa gazeti, yeye nyuma amebeba bakuli la papai la kutwanga. Mama, ulimwambia nini? Hujui Kichina, naye hajui hata neno moja la kwetu.

Alibandika ua moja, limepinda. Baba mdogo alitaka kulibandua, Bwana Hsu akalikinga kwa mkono.

Jana akaniita ofisini. "Wageni wote wananiuliza jambo moja," akasema. "Watauona lini mshumaa wao ukipita?" Wao, mama! "Na wewe?" nikamwuliza. Akatazama dirishani. "Mimi nina ua pale," akasema. "Kata tiketi."

Tunakuja tarehe ishirini na tisa, na wengine wamejiongeza. Ofisi ameikubali. Mkataba wangu ukiisha Septemba sisaini mwingine.

Mwanao Phikun


Ban Non Takhian
22 Julai 2539

Mwanangu,

Sisi wazima, na kijiji kizima kinajua.

Umeuliza nilimwambia nini. Nilimwambia kwa lugha yetu, polepole, kama ninavyosema na nyati. Nikamwambia huyo anayekoroga nta ni mtoto wangu, nina mmoja tu, na kama anataka kumfukuza kazi basi aje amfukuze mbele yangu na tumbo limejaa. Nikamlisha papai kwa pilipili zetu. Alipokuwa anafuta machozi nikamvua kamera. Hakubisha. Nani angebisha?

Ua lake liko palepale. Khamdi amelirudia mara tatu kulitazama, hajaligusa. Anasema linalifanya joka lionekane linakimbia.

Jana mtu wa Ban Kho alikuja kutafuta kuku. Nilimwonyesha kuku wangu wote, mmoja mmoja.

Mama yako


Jikoni kwetu
12 Oktoba 2539

Mwanangu Phikun,

Natumai hujambo. Nakusikia unakoroma chumba cha pili, kwa hiyo najua hujambo.

Wageni wako wameamka mapema wanataka maporomoko. Nimewaashiria kwamba mkuu wa ofisi amelala, wakacheka. Jana uliwapandisha hekalu la pangoni mara mbili, pumzika. Nawapeleka mimi. Kichina sijui, lakini pale majini hakuna cha kueleza, unasimama tu unalowa.

Wali uko kwenye kikapu, samaki juu ya jiko, nimemfunika ili paka asimwone.

Barua hii usijibu. Ukishakula, njoo.

Mama yako