Guru, Dengu na Washenga wa Masalu

Alhamisi, 3 Julai 2025
Nimeanza! Mama Rekha, bosi wangu Mhindi wa duka la nondo na saruji, kaniokoa. Nilikuwa nalalamika — Masalu wa Lagangabilili alisema pamba ikishauzwa atatuma washenga. Pamba imeuzwa, washenga hewa! Mama Rekha kauliza siku na saa niliyozaliwa, kachora viboksi, katikisa kichwa. Guru wangu kalala! Guru ni sayari, ile Jupita ya shuleni, na kwao ni mungu anayeleta ndoa. Anaamshwa kwa mantra, maneno matakatifu ya kurudiarudia. Kaniazima shanga. Masharti: Alhamisi alfajiri, nguo ya njano, "Om Gurave Namah" kila punje, na ukishaanza huongei na mtu mpaka shanga zizunguke zote. Halafu umlishe ng'ombe dengu, umpake manjano kwenye paji la uso. Ng'ombe na dengu! Ndivyo vilivyojaa hapa Bariadi! Guru kafika nyumbani.

Jumapili, 6 Julai
Misani nilimwomba Bikira Maria asinune, nimeongeza nguvu tu. Jioni Masalu kapiga simu! Eti ng'ombe wao anaumwa. Lakini kapiga!!

Alhamisi, 10 Julai
Nimefumwa. Bibi Nyanjige kanikuta zizini — khanga ya njano, shanga mkononi, nanong'ona, ng'ombe wetu mweupe kapakwa manjano uso mzima anatafuna dengu. "Milembe, unaongea na nani?" Masharti! Nikaendelea na Om zangu. Namaliza, nageuka, Bibi analia kwa furaha! Anasema mama yake naye, aliyekuwa nfumu, mganga wa kuaminika mpaka Maswa, alianza hivyohivyo: shanga, maneno yasiyoeleweka, ng'ombe wa kutengewa mizimu. Wazee wamenichagua!
Nimwambie nini sasa? Kwamba mjukuu wake anamvuta mwanamume kwa shanga? Aibu! Nikatabasamu tu. Usiku huu nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Alhamisi, 17 Julai
WAMEKUJA! Na mimi nilichelewa kuamka, niko katikati ya shanga! Mzee Ngassa, baba mkubwa wa Masalu, kasimama uani: "Mwangaluka!" Nikapiga magoti. Mdomo wazi. Nikijibu, Guru analala tena. Nikamwambia, "Om."
Jamani! Msukuma gani haitikii salamu ya mkwe? Mzee kakunja uso, kawageukia wenzake, waondoke. Bibi huyo mbio: msikasirike, mtoto ameshikwa na wazee wetu, hamuoni ng'ombe wake yule mwenye uso wa njano?
Nimekimbilia chumbani. Kuandika si kuongea. Nawasikia ukutani. Mzee Ngassa kakaa! Anasema ukoo wao haujapata mganga tangu dada yake afariki, na kijana wao kawaficha bahati yote hii. Ataongeza ng'ombe! Ila kabla ya mazungumzo, mgongo wake unamsumbua tangu palizi — huyo mtoto aje amshikeshike.
Mungu wangu. Nikisema kweli, kwamba nilikuwa nawaombea waje, uso nitauweka wapi? Na Masalu nitampata? Nikinyamaza, naolewa kama mganga!
Bibi ananiita. Anagonga mlango. Eti nije na shanga.
Punje ya mwisho hii, imeisha. Guru, asante, nimeona umeamka. Dawa ya mgongo unaijua?