Geti la Eastlake

Kisumu Ndogo, Kibera
12 Februari 1996

Kwa mwanangu Billy,

Bwana asifiwe. Natumaini hujambo na kifua chako kimetulia, maana najua unaendesha na dirisha wazi. Sisi tuko. Dada yako Hope anakohoa kidogo tu, ni hili vumbi.

Barua hii nampa Beth, yule wa chapati mbele ya geti letu. Siku hizi analala huko kwenu Kawangware, kwa dada yake.

Umesikia kampuni yetu ya malori, Eastlake, imeanguka. Si uvumi tena. Korti imeweka mtu wa kuiuza, na jambo la kwanza alilofanya ni kufunga ofisi kwa kofuli. Malori yamechukuliwa na benki. Zimebaki yadi: hii ya viwandani hapa Indastrio, ya Nakuru na ya Malaba. Mashine yangu ya kushonea maturubai imefungiwa ndani. Mimi na wenzangu wa chama cha wafanyakazi tunashinda nje ya geti. Tunasema atakayenunua yadi azinunue pamoja na watu wake.

Sasa inasemekana anayezitaka ni tajiri wako, Ndungu wa Rware Hauliers. Awiti, rafiki yangu wa mashine ya pili, aliniuliza mbele ya watu, “Mama Billy, si hiyo ndiyo kampuni ya kijana wako?” Nikasema ndiyo, lakini mipango yao mimi siijui. Na kweli ningejuaje? Tangu Krismasi tulipogombana juu ya hiyo kazi hujakanyaga hapa.

Niambie ukweli.

Mama yako


Kawangware
20 Februari 1996

Sasa mathe,

Mimi niko fiti, kifua iko sawa. Wewe je, mgongo? Msalimie Hope sana.

Ni ukweli. Ndungu anataka hizo yadi zote. Sisi mpaka leo tunapakia kando ya barabara, mvua ikinyesha sukari ya watu inalowa tukiangalia. Trela zinalala kwa petroli stesheni. Eastlake iko na ghala, iko na mizani, reli inapita nyuma ya ukuta. Msimamizi wetu Muiruri alituita akasema, “Mzee ananunua ukuta na geti. Watu hanunui.” Mtu wa yunioni hataki hata kumsikia akikohoa.

Hiyo maneno haikunifurahisha, mathe. Lakini niliongea na Muiruri. Maturubai yetu yamechanika yote na hakuna mtu hapa anajua kushona. Anasema ukirudisha kadi ya yunioni, unaanza kazi siku ile yadi inafunguliwa. Hao wengine watakaa hapo nje mpaka waote majani. Fikiria tu.

Kijana wako, Billy


Kisumu Ndogo
26 Februari 1996

Kwa mwanangu Billy,

Salamu nyingi. Mgongo unauma kama kawaida, asante kwa kuuliza.

Nimefikiria. Hapana.

Baba yako Okoth alipopinduka na lori ya Eastlake kule Mai Mahiu, wewe ulikuwa mdogo, labda umesahau nani alikuja mlangoni. Kampuni ilituma maua. Chama ndicho kilimtoa mochari, kikakodisha gari la kumpeleka nyumbani Homa Bay. Halafu Jeconia, katibu wetu, akaingia kwa meneja na hakutoka mpaka nikapewa kazi ya kushona, mimi ambaye sikuwa nimewahi kushona kitu kizito kuliko leso. Ile mashine ndiyo imekusomesha.

Sikulaumu kwa kuendesha lori ya mtu. Kijana lazima ale. Lakini usiniombe niwapite akina Awiti hapo nje na chupa yangu ya chai, niingie ndani kana kwamba siwajui.

Mama yako


Kawangware
11 Machi 1996

Mathe,

Naandika mbio, Beth ananingoja. Natumaini uko salama.

Karatasi zimewekwa sahihi. Alhamisi asubuhi tunaingia yadi, trela moja nyuma ya ingine, polisi mbele. Muiruri amepanga nani atatangulia na amenichagua mimi. Hiyo si bahati. Anajua wewe ni nani.

Tafadhali Alhamisi baki kwa nyumba. Sema unaumwa. Waambie na akina Awiti. Hao polisi niliwaona leo wakipewa marungu, walikuwa wanacheka.

Billy wako


Kisumu Ndogo
2 Aprili 1996

Kwa mwanangu Billy,

Bwana asifiwe. Hope amepona. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimekaa bila kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu naiweka tena chini. Ulikuwepo, najua, lakini uliona ukiwa juu. Sisi tulikuwa chini, tumeketi juu ya turubai kuukuu, tumeshikana mikono. Awiti kuliani kwangu, Jeconia nyuma akituimbisha. Trela yako ilikuja mpaka nikasikia joto la injini usoni. Ukasimama. Polisi wakashuka. Muiruri akaja chini ya dirisha lako akipiga kelele, “Ingia ama ushuke! Na ukishuka usirudi!”

Nikatazama juu. Ulikuwa umekauka kama mtu aliyeambiwa achague nani achinjwe. Mtoto wangu, nikasema moyoni, hawa watu wananimalizia mtoto. Nikaachilia mkono wa Awiti. Nikasimama, nikaenda kando.

Hakuna aliyenivuta. Ni mimi. Na safu ikishatoboka si safu tena. Mwingine akasimama, na mwingine, wewe ukaingia, na hizo trela nyingine zikafuata. Hakuna aliyepigwa. Kuna wanaosema niliokoa vichwa vya watu. Awiti si mmoja wao. Tunapanga foleni kwa mfereji mmoja naye anatazama mtungi wake. Kanisani amehama benchi.

Basi kazi yako unayo. Ishike vizuri. Lakini usije kunishukuru, sitajua niuweke wapi uso wangu.

Mama yako


Kawangware
9 Aprili 1996

Mathe,

Salamu kwako na kwa Hope. Hii barua nimeiandika nikaichana, nikaandika tena.

Wewe pia hukuona. Injini nilikuwa nishazima. Funguo nilikuwa nayo mkononi, mkono mwingine kwa mlango. Nilikuwa nashuka, mathe. Nilikauka hivyo kwa sababu nilijua nikikutazama nitalia mbele ya polisi. Halafu nikainua macho, nikaona umesimama unaenda kando. Nikafikiri unaniambia niingie. Nikafikiri, mathe amechoka, anataka haya mambo yaishe. Nikawasha.

Tangu hiyo siku sikai mahali. Nikipaki nashuka, nazunguka trela, napanda, nashuka tena. Taniboi wangu, kijana anayenisaidia kwa trela, ananiuliza, “Dere, umepoteza nini?”

Jumapili nakuja. Sikuji kukushukuru. Nataka Awiti anisikie mwenyewe, na wengine pia.

Billy wako


Kisumu Ndogo
22 Aprili 1996

Kwa mwanangu Billy,

Natumaini ulifika salama, maana uliondoka hapa bila hata kunywa chai.

Yale aliyokuambia Awiti pale nje ya kanisa bado yako masikioni mwangu. Nilidhani akisikia kwamba ulikuwa unashuka, atalegea. Akakutazama tu. “Kijana, wengi walikuwa karibu kufanya. Kama ulikuwa unashuka, basi shuka sasa.” Mimi nikatamani kukufunika na leso kama ulipokuwa mchanga.

Billy, Awiti ana uchungu wake na anayo haki. Lakini usifanye kitu kwa hasira ili unisafishie jina. Kazi hazipatikani. Nijibu upesi, nisikae hivi.

Mama yako


Kawangware
20 Mei 1996

Mathe,

Pole kwa kunyamaza. Niko mzima. Natumaini na nyinyi mko poa.

Nilishuka, lakini sikushuka peke yangu, ndio maana nilichelewa. Nilianza kuongea na madereva mmoja mmoja, Nyongesa kwanza, halafu Shiundu. Hawakuwa watu wa yunioni. Lakini wamechoka kukatwa mshahara tairi ikipasuka, wamechoka kuambiwa fika Malaba leo ama uache funguo. Jeconia akatuletea fomu. Jumatatu iliyopita tukapaki trela zote katikati ya yadi, tukazima, tukakaa chini kwa kivuli. Wapakiaji wenu wa Eastlake, waliokuwa bado wanashinda nje ya geti, wakaona. Nilidhani watatuzomea. Walikuja wakakaa na sisi. Muiruri alizunguka mpaka kiatu ikatoa vumbi.

Tulikaa hivyo mpaka wenye mizigo wakaanza kupiga simu wenyewe. Ndungu akaja. Si mtu wa kelele. Akakubali yunioni iingie Rware. Nusu ya watu wa Eastlake warudi sasa hivi, wengine kazi ikiongezeka. Wewe umo, Awiti umo. Watu wakapiga makofi. Halafu akaninyooshea kidole. “Huyu hapana. Nilimwamini atangulie. Sitaki kumwona getini.” Jeconia alibisha mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia aache, asije akaharibia wengine.

Kwa hivyo rudi kazini, mathe, na usikatae kwa sababu yangu. Kodi sina tena, na Njambi mwenye plot ashapata mtu wa kuingia hii room. Nyongesa atanibeba mpaka Malaba, nijaribu malori ya Uganda. Anwani sina bado. Nikipata nitaandika.

Kijana wako, Billy


Kisumu Ndogo
4 Agosti 1996

Kwa mwanangu Billy, popote ulipo,

Bwana asifiwe. Natumaini una afya na mahali pa kulala. Sisi tuko salama, ila hatujui habari yako.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza Nyongesa alizirudisha. Alisema madereva wa mpakani hawakujui, mmoja tu alidhani ulivuka na lori ya mahindi. Hii nimemwambia asiirudishe. Amwachie mtu yeyote anayeelekea upande huo.

Nilirudi kwa mashine kama ulivyosema. Siku za kwanza Awiti alishona bila kunitazama. Wiki iliyopita akaja na omena kwenye sufuria, akaiweka katikati ya meza zetu, akasema, “Kula, Mama Billy.” Nikala. Baadaye akauliza, “Ameandika?” Nikatikisa kichwa. Akachukua turubai langu, akanimalizia upindo.

Trela yako wamempa kijana wa Nyeri, mtoto mwenye adabu. Kila akipiga honi getini mimi nasimama. Wenzangu wamezoea, hawacheki tena.

Nyongesa amewasha, ananiita. Kama umepata kazi, andika hata mstari mmoja. Kama hujapata, usione haya. Rudi.

Mama yako