Walioshindwa Kuninunia

Mimoza mke wangu,

Huku Ugiriki mimi ni mzima, ila mgongo ndio unalalamika. Paa la kanisa tumelimaliza. Uliuliza tena kama watoto wetu watatengwa kijijini hapa kwa kuwa ni Waalbania. Sikukujibu kwa sababu sikujua.

Juzi walikuja watu wa televisheni kutoka Athene kurekodi tamthilia ya kuchekesha, inayohusu wageni kijijini. Wakanipa nafasi ya mgeni. Mimi niingie mkahawani, wanakijiji waninunie na kunipa mgongo.

Nikaingia. Bibi Stamatia akanisogezea kiti.

"Kaa, we mvivu! Paa langu litavuja mpaka lini?"

"Kata!" mwongozaji akapiga kelele. "Mama, huyu humjui!"

"Nisimjue vipi? Mlafi huyu kila Pasaka yuko mezani kwangu!"

Tukarudia. Pandeli mwenye mkahawa akajitahidi kununa, akaishia kunimiminia kahawa. Mwongozaji akachoka, akaniweka upande wa wanakijiji, na nafasi ya mgeni akampa mwigizaji wake kutoka Athene.

Njoo na watoto, Mimoza. Watakusengenya, ndiyo, lakini kama wanavyosengenyana wenyewe.

Mumeo anayekusubiri,
Kujtim