Kaseti Iliyomkimbiza Yarow

Mtaa wa Waberi,
Garissa.
14 Machi 1996

Mpendwa shemeji Keynan,

Asalaam alaykum. Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua haianzi bila hilo. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mbuzi wamekonda kwa ukame. Wewe je? Natumaini baridi ya Toronto inakuuma vizuri. Naandika kwa Kiswahili ili mama yako, asiyejua ila Kisomali, asisikie ninavyokusema.

Kaseti yako ya video ilifika. Ulisema ni sinema ya zamani ya Wamarekani, ya kunichekesha baada ya eda. Nimecheka sana, shemeji. Nimecheka mpaka sina mume.

Wajua tangu mume wangu Kulow afariki, ilikubaliwa kaka yenu Yarow anioe kwa dumaal, maana kwetu mjane huolewa na ndugu wa marehemu. Wajua pia kwamba nikiolewa nje ya ukoo wenu, Bilan na Siyad watabaki kwenu, nami nitatoka bila wanangu. Yarow si mzuri wa sura, lakini watoto wamemzoea na mimi nilishamkubali.

Wiki ya nikaha alikuja kunywa chai baada ya sala ya alasiri. Nikamkalisha kwa heshima kwenye kiti cha Kulow. Watoto wakaunganisha televisheni kwenye betri ya gari, wakatia kaseti yako. Na humo mna nini? Mtu amekufa, ndugu yake anataka kumwoa mjane, na marehemu anarudi! Kila bwana harusi akitaka kukaa, mzuka unamwondolea kiti, anaanguka chali. Watoto walivunjika mbavu. Yarow hajui Kiingereza, wala hajui kwamba Wamarekani hufanya mzaha na wafu. Aliinuka polepole kwenye kile kiti, akasoma Ayatul Kursi mbele ya televisheni.

"Wallahi Kaltun, Kulow hataki," akaniambia. "Mimi hapana taka maneno na marehemu."

Sheikh alimweleza kuwa wafu hawarudi. Yarow akasema anaamini kabisa, kisha akaswaga ngamia wake kwenda Bura na hajaonekana tena. Katika kaseti zote za ng'ambo ukachagua hiyo! Huna haya? Nimekasirika, Keynan, hata jina lako likitajwa hapa nyumbani natoka nje.

Jana wazee walikaa. Wamesema Yarow akishindwa, ataoa ndugu anayefuata. Mama yako ndiye aliyeniletea habari, na alikuja anacheka. Ni wewe. Huna mke, huna udhuru, na tikiti wanasema ujikatie mwenyewe.

Msalimie binamu yako Sharifo na mumewe. Shangazi Timiro anakusalimu, mimi bado. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, maana baada yako hakuna ndugu mwingine, na wanangu siwaachi.

Wako asiyekupenda, lakini anakungoja,

Kaltun