Alichosema Nashoni Mtoni

Kilolo,
12 Juni 2024

Ndugu yangu Budeba,

Mwangaluka. Salamu hiyo uliyonifundisha nilipokuwa mwalimu kule Magu, kabla hujahamia Usangu na ng'ombe wako, bado sijaisahau. Miguu inaendeleaje? Na mama Mbuke hajambo? Mimi kifua kimenishinda. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, na binti yangu Regina ananilisha uji kwa kijiko.

Nakuandikia juu ya mwanao Nashoni. Unakumbuka ng'ombe wako walipoingia kwenye mpunga wetu. Nashoni, akiwa polisi wa kituo chetu, aliwafuata wachungaji wako hadi mtoni, akasema nao Kisukuma. Wakavuka na ng'ombe, wakatokomea moja kwa moja. Kabla mkutano haujaitwa, kijiji kilikuwa kimekwisha kuhukumu. Jirani yangu Mama Tumpe alisema polisi Msukuma ni mchungaji aliyevaa gwanda tu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Angekuwa Mhehe mwenzangu, tungesema maskini, wamemzidi mbio.

Mkutanoni Nashoni alieleza kwamba aliwaamuru warudishe ng'ombe, wakamkaidi. Akazomewa. Ndipo akasema, kwa heshima kabisa, kwamba Mwalimu Kalinga alikuwa palepale ukingoni na Kisukuma anakijua, basi aulizwe yeye.

Nilikuwepo, Budeba. Nilimsikia akiwaambia wachungaji wawapeleke ng'ombe wote kituoni, hata wa baba yake, na atakayekataa atamfunga. Lakini ekari zangu mbili zilikuwa zimelala matopeni, na watu walikuwa wakinitazama kama mtu wao. Nikasema aliwahimiza wavuke upesi.

Alivua kofia, akanitazama. Akafukuzwa kazi. Hata wewe ulisadiki neno langu kuliko la mwanao, kwa kuwa mimi ni rafiki yako, ukamkataza kukanyaga kwako.

Siku hizi analinda ghala Ilomba. Mwezi uliopita alisikia naumwa, akaja na maziwa. Nilitaka kusema, nikashindwa. Aliniinua kichwa, akaninywesha mwenyewe.

Humu nimeweka maelezo niliyoyasaini mbele ya wakili. Nakala nyingine imekwenda kwa waliomfukuza. Sijui kama watasoma. Wewe soma, kisha mwite nyumbani.

Mpe salamu mama Mbuke. Msamaha wangu uchelewe tu. Mwanao asicheleweshwe tena.

Ni mimi,
Gerson Kalinga